Mji Ambao Mama Aliuita Vodena

Jumapili, 5 Oktoba 1969

Mvua imeanza tena. Mji wetu hauna haja ya mvua, maji tunayo ya kutosha. Yanapita chini ya madirisha, chini ya madaraja, nyuma ya jiko langu, halafu yanajirusha kule gengeni, kwenye maporomoko, mchana na usiku na kuturudishia ukungu. Nguo nilizoanika Alhamisi bado zinachuruzika. Sidhani zitakauka kabla ya Pasaka.

Mama mkwe amekohoa mpaka alfajiri. Nilipompelekea maziwa aliyatazama kwanza, akanitazama na mimi.

"Mkimbizi, haya maziwa umeyatia maji?"

"Maji ya nini, mama? Yaliyoko nje hayakutoshi?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Ndivyo tulivyo. Ananiita mkimbizi kwa sababu baba yangu alifika hapa kutoka ng'ambo ya Bahari Nyeusi na godoro mgongoni. Mimi namwita mama kwa sababu mwanawe Stergios alinioa. Kupendana sana hatupendani, ila tumezoeana, na siku nyingine nadhani hilo ni gumu zaidi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Stergios yuko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha pamba, analala mchana. Tangu aamke amesema neno moja tu: chumvi.

Jumapili, 12 Oktoba

Shemeji Lazaros ameshuka kula nasi. Ni kaka mkubwa wa Stergios, anaishi chumba cha juu na vitabu vyake, hakuoa. Anafundisha shule ya msingi, na hata mezani anafundisha. Leo alikuwa amekasirika kwa sababu ya kibao kipya cha kituo cha mabasi. Fundi rangi aliandika Edessa kwa S moja. Lazaros alisimama chini ya ngazi, mwavuli mkononi, hadi fundi akapanda tena na kuibana S ya pili mahali ambapo hapakuwa na nafasi.

"Mgeni anasoma jina kabla hajauona mji," akasema. "Jina likiwa na kosa atadhani na sisi tuna kosa."

Mama akaweka kijiko chini. "Kibao cha wapi hicho?"

"Cha Edessa, mama."

"Edessa ndiyo wapi?"

"Hapa. Hapa unapokaa."

"Mimi nakaa Vodena."

Stergios akainamia sahani yake. Lazaros akainuka, akafunga dirisha, ndipo akajibu. Nimeliandika hilo kwa makusudi: dirisha kwanza, jibu baadaye.

"Mama, zamani za wafalme mji huu uliitwa Edessa. Hilo lako lilikuja baadaye, ni jina la kienyeji, si la Kigiriki. Serikali ililirudisha lile la kwanza. Ni miaka mingi sasa."

"Najua ni mingi, nilikuwa nimeshaolewa. Nililala Vodena nikaamka Edessa, wala hakuna aliyenigongea mlango kuniambia. Haya, mwalimu, Vodena maana yake nini?"

"Maji. Si unajua ni maji."

"Najua. Na Edessa?"

Lazaros alilitazama tena dirisha. Ubaya wake ni kwamba hawezi kudanganya kuhusu jambo alilolisoma. "Wapo wasomi wanaosema nalo limetokana na neno la maji. La watu wa kale, lugha yao imeshakufa."

"Ehe," mama akasema. "Kwa hiyo yule askari alinizaba kofi sokoni nilipotamka Vodena, na mimba yako tumboni, kwa sababu ya maji na maji."

Lazaros alimaliza chakula chake, akakunja kitambaa pande nne, akapanda juu. Nilimwona mnafiki. Mtu anayemwonea haya mama yake mwenyewe.

Jumatatu, 20 Oktoba

Daktari amekuja. Mapafu ya mama yamejaa maji. Hata yeye.

Jumanne, 28 Oktoba

Gwaride la sikukuu ya taifa. Lazaros aliwatangulia wanafunzi wake kwenye mvua, shingo imesimama, koti limelowa mpaka likabadilika rangi. Pale jukwaani kulikuwa na mtu wa kofia ya kijivu ambaye mji mzima unamjua na hakuna anayetaja jina lake. Hakutazama bendera. Alitazama nani anapiga makofi na nani hapigi.

Niliporudi, mama akaniuliza, "Mwanangu alipendeza?"

"Alilowa."

"Ananiongelesha kama barua ya serikali, lakini alikuwa mtoto mzuri," akasema, akageukia ukutani.

Ijumaa, 31 Oktoba

Leo ameniita kwa jina langu. Sikumbuki kama amewahi.

"Evanthia. Kaa."

Nikakaa pembeni ya kitanda. Mikono yake imekuwa myepesi, ukiishika unaogopa.

"Lazaros ataniandikia Edessa kwenye jiwe langu."

"Ndilo jina la mji, mama."

"Nisikilize kwanza. Jumamosi ya Wafu sisi marehemu tunafunguliwa makaburi, kila mtu anarudi kwao kula ngano aliyopikiwa. Mimi sijui kusoma. Itabidi nimwulize aliyelala jirani yangu: hebu nitazamie, jiwe langu linasema ni mtu wa wapi? Ataniambia Edessa. Basi nianze kuitafuta Edessa, mimi mzee, na miguu hii. Nikifika kwingine nitakuta wenyewe wamekaa wanakula, hawanijui. Nitabaki njaa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Niandikie Vodena. Popote. Hata padogo, hata pasipoonekana. Mradi iwepo."

Nikasema ndiyo, kama unavyomkubalia mgonjwa. Akanibana kidole.

"Wewe hujui kudanganya vizuri, mkimbizi. Sema tena."

Nikasema tena, na mara hii nilikuwa nimeahidi kweli.

Jumanne, 4 Novemba

Amefariki saa ya kuwasha taa. Stergios alikuwa amemshika miguu ili isipate baridi. Lazaros alisimama mlangoni na hakuvuka kizingiti mpaka pumzi ilipokwisha. Mwishoni mama alikuwa akiongea lugha yake ya nyumbani, ile ambayo serikali imeikataza na hapa hakuna anayeisema kwa sauti. Mimi siifahamu. Wanawe wote wawili wanaifahamu, na hakuna aliyemjibu.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumemzika. Udongo ulikuwa tope tupu, wachimbaji walikuwa wakiteka maji kaburini kwa ndoo kabla ya kumshusha. Padri Nektarios aliharakisha maombi. Nimechoka hata kulia.

Yule wa kofia ya kijivu alikuja nyumbani kunywa kahawa ya msiba kama watu wengine. "Uzima kwenu," alisema, akakaa, akatia sukari, akakoroga taratibu sana.

"Mama yako alikuwa mtu wa zamani, mwalimu."

"Alikuwa na miaka sabini na minane."

"Wazee hawa wana majina yao ya mambo. Jiwe mtaandika nini?"

"Jina lake," Lazaros akasema. "Miaka yake. Edessa."

"Vizuri. Kwa S mbili, nasikia unalisimamia hilo."

Watu wawili watatu wakacheka. Lazaros naye akacheka, lakini kikombe chake kiligonga kisahani na kahawa ikamwagikia suruali. Hakuisikia. Mimi ndiye niliyempa kitambaa. Ilinijia kwamba nimekaa nyumba moja na mtu huyu miaka yote hii, nikidhani ana kiburi, kumbe anaogopa.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia nilichoahidi. Nilisubiri amalize supu.

"Haiwezekani, shemeji."

"Ni neno moja. Chini kabisa ya jiwe."

"Unamkumbuka Fotis, mwalimu mwenzangu? Yuko kisiwani uhamishoni mwaka wa pili huu. Aliimba wimbo wa bibi yake harusini, kwa lugha ileile ya mama. Wimbo, Evanthia. Na wimbo ukishaimbwa umekwisha, jiwe linabaki."

"Mama atapotea."

"Mama amekufa," akasema, akainuka na kwenda kufunga dirisha, nalo lilikuwa limefungwa tayari.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda kwa Prodromos mchonga marumaru. Wazazi wake walishuka kwenye meli ileile na wangu, nikadhani atanielewa.

"Edessa herufi sita, Vodena herufi sita," akasema huku akipuliza vumbi. "Jiwe halichagui. Lakini kaka mkubwa ndiye anayesema, na kaka mkubwa ameshasema. Na mimi nina watoto, dada."

"Jiwe la baba yangu ulilichonga wewe."

"Marehemu baba yangu ndiye aliyelichonga. Mimi nilishika nyundo."

"Aliandika nini?"

Akanitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu. Kwenye jiwe la baba yangu imeandikwa kwamba ni mtu wa Kerasunta. Mji huo uko nchi ya watu wengine siku hizi, wanauita kwa namna yao, na baba hakurudi kuuona. Wala hakuna aliyekuja kunywa kahawa na kutuuliza. Sisi tuliokuja na magodoro tunaruhusiwa kulilia kwetu. Aliyezaliwa hapahapa, akanywa maji haya tangu utotoni, haruhusiwi. Nimetembea na hilo mpaka nyumbani na limeniuma kuliko msiba wenyewe.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Nguo za mama nimezigawa. Aproni yake nimebaki nayo, inanuka moshi.

Jumapili, 23 Novemba

Lazaros hakushuka kula. Nikamsema: nikamwambia Stergios kwamba kaka yake ana roho ya kuku. Stergios aliacha mkate, akaongea mfululizo namna ambayo sijawahi kumsikia tangu siku ya harusi yetu. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Usimwite hivyo. Shuleni mwalimu alikuwa akituuliza asubuhi, nani nyumbani kwao wanaongea lugha ile. Lazaros alikuwa na miaka saba. Alirudi akamwambia mama, usinisemeshe mpaka ujue Kigiriki. Na mama hakumsemesha. Alimpikia, akamwogesha, kimya. Maneno alijifunzia sokoni, kwa muuza vitunguu na muuza samaki. Alipoanza kumsemesha tena, yeye alikuwa na lugha ya sokoni na Lazaros ana lugha ya vitabuni. Hawakukutana tena wale. Mimi nilikuwa mdogo, niliona rahisi kunyamaza."

Kisha akarudi kwenye mkate wake. Niliosha vyombo nikiwa siwezi kumtazama. Nimeishi na watu hawa nikiwahukumu kwa ukimya wao, na kumbe kila mmoja aliubeba kwa sababu yake.

Jumanne, 2 Desemba

Ukungu. Mkono ulio mbele yako huuoni. Kutoka gengeni maji yananguruma bila kuonekana.

Jumatatu, 8 Desemba

Lazaros ameniomba nipike ngano ya arobaini ya mama. Hakuhitaji kuniomba, mtaa mzima unanijia mimi kwa ngano ya wafu, lakini aliniomba kwa adabu, kofia mkononi.

"Juu yake uweke msalaba," akasema, "na herufi ya jina lake. Basi."

"Basi," nikasema.

Jumamosi, 13 Desemba

Ngano niliichemsha jana mpaka ikapasuka, nikaimwaga kwenye mashuka safi, nikaitandaza chumba kizima karibu na jiko ikauke. Hapo ndipo kazi ilipo. Ngano isipokauka inalowesha sukari, na sukari ikilowa mbele ya watu, jina la mpishi linakwenda nayo. Na mwaka huu hakuna kinachokauka. Nimeifuta kwa vitambaa, nimeigeuza kama mtoto mwenye homa.

Leo mchana nimechanganya jozi, komamanga, mdalasini. Zabibu kavu nililowesha kwenye divai nyeusi, kwa sababu mama alikuwa hali zabibu ngumu, alisema zinamkumbusha meno aliyopoteza. Nikaijaza sinia, nikaikandamiza, nikaisawazisha.

Nilikuwa peke yangu. Nilisimama mbele ya ile sinia, juu yake bado patupu, na nikamsikia: popote, hata pasipoonekana.

Nikachukua zabibu moja moja. Nikaandika Vodena kutoka ukingo hadi ukingo, zikiwa zimezama nusu ndani ya ngano. Herufi sita. Sikuwahi kuliandika jina hilo. Juu yake nikamwaga unga uliokaangwa, juu ya unga sukari laini, nikaibana kwa karatasi mpaka ikawa nyeupe na laini kama ukuta mpya. Msalaba wa lozi katikati, herufi ya kwanza ya Sultana, jina la mama, kwa peremende za rangi ya fedha. Kama alivyoagiza kaka mkubwa. Hakuna kilichoonekana.

Nilikaa kwenye kigoda nikacheka mwenyewe, halafu nikalia. Niliona nimewatimizia wote, aliye hai na aliyekufa.

Jumapili, 14 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa sukari.

Kanisa lilijaa kuliko nilivyotarajia, watu na makoti yao yaliyolowa, mishumaa, pumzi. Madirisha yalikuwa yakitoa jasho. Sinia iliwekwa kwenye kimeza mbele, mshumaa umechomekwa ubavuni, na ibada ikawa ndefu. Nilikuwa nimesimama upande wa wanawake. Yule wa kofia ya kijivu alisimama karibu na mishumaa, kofia kifuani, ameinamisha shingo kama mcha Mungu wa kweli.

Padri Nektarios alipogeuka kuja kumwombea mama, niliona doa. Doa dogo la rangi ya divai upande wa kushoto wa msalaba. Nikajiambia ni nta. Halafu likawa na mgongo, na matumbo mawili, na nikaijua herufi: ni B, ambayo kwa Kigiriki ndiyo V ya Vodena. Unga niliuweka mwembamba pale juu ili nisizisogeze zabibu. Na zabibu zilikuwa zimeshiba divai. Nimepika ngano ya wafu tangu nikiwa msichana, na nimefanya kosa ambalo ningemzomea mwanafunzi.

Herufi ya pili ikaja, ya duara. Kisha ya tatu. Sukari ilikuwa ikinywa taratibu, bila haraka yoyote. Mwanamke mmoja nyuma yangu alivuta pumzi. Mwingine akamnong'oneza jirani. Vikongwe watatu wa upande wa kushoto, waliozaliwa mwaka mmoja na mama, hawakunong'ona. Mmoja alijipiga ishara ya msalaba, na midomo yake ikalisoma jina kimyakimya, kama mtu anayemwona jamaa yake ng'ambo ya barabara na kuogopa kumwita.

Wakati padri anaanza kuimba "Kumbukumbu yake iwe ya milele," herufi zote sita zilikuwa nje, nyekundu kwenye weupe, kutoka ukingo hadi ukingo. Mama asingeweza kuomba maandishi makubwa zaidi.

Nikamtazama Lazaros. Uso wake ulikuwa hauna damu. Alilisoma mara moja, akanitafuta kwa macho, akanipata. Halafu akafanya jambo lisilofanywa. Padri hajamaliza kuimba mara ya tatu, yeye alitoka kwenye mstari, akachukua kijiko kikubwa, akakizamisha katikati ya msalaba na kukoroga. Lozi, sukari, jina, vyote. Alikoroga kama mtu anayezima moto. Padri aliendelea kuimba peke yake.

Nilimchukia. Nitaandika ukweli, kwa muda ule nilimchukia.

Akajaza kikombe cha kwanza. Kikombe cha kwanza ni cha padri. Lazaros alimpita padri, akatembea hadi kwenye mishumaa, akamnyooshea yule wa kofia ya kijivu.

"Kula ngano ya mama yangu," akasema. Sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. "Karibu. Mkumbuke."

Ngano ya marehemu haikataliwi, hata na mtu kama yule. Alishika kikombe. Watu wote walikuwa wakimtazama mdomo. Akala kijiko kimoja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema lile linalosemwa, "Mungu amsamehe." Na kanisa zima likaitikia, "Mungu amsamehe," na vikombe vikaanza kupita. Kila mmoja alikula. Wale vikongwe watatu waliomba kuongezewa.

Nyumbani nilikaa jikoni nikisubiri anifokee. Aliingia, hakuvua koti.

"Zabibu ulizilowesha?"

"Kwenye divai."

Akatikisa kichwa. "Alizipenda hivyo," akasema, akapanda juu. Nilimsikia akitembea kutoka ukuta hadi ukuta.

Jumatatu, 15 Desemba

Lazaros amekwenda kazini kama kawaida. Mvua.

Jumatano, 24 Desemba

Hakuna kilichotokea. Jirani mmoja amevuka upande wa pili wa daraja aliponiona. Mwingine ameniletea mayai bila kusema ya nini.

Jumanne, 6 Januari 1970

Padri alikuja kubariki maji. Kwa mji huu inakuwa kazi kubwa.

Alhamisi, 8 Januari

Barua imekuja. Lazaros anahamishiwa kisiwani, shule yenye mwalimu mmoja, meli mara moja kwa wiki na bahari ikiruhusu. Aondoke Jumatatu. Hakuna sababu iliyoandikwa.

Stergios aliisoma, akaiweka mezani, akaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Jumatatu, 12 Januari

Tumemsindikiza kituoni, mimi nimebeba mkate na Stergios sanduku la vitabu. Tulisimama chini ya kibao chake. Ile S ya pili imeshaanza kubabuka, rangi ya fundi ilikuwa mbovu.

Niliuliza, kwa sababu nisingelala tena kama nisingeuliza. "Ni ngano yangu, Lazaros?"

"Sijui, shemeji. Wao hawasemi. Huenda ni ngano. Huenda ni dirisha nililosahau kulifunga mwaka juzi." Alikuwa amezeeka tangu vuli. "Jiwe Prodromos ameliweka jana. Nimelikagua. Edessa, S mbili. Wamepata walichotaka na bado wananifukuza. Ningejua ningemwachia mama neno lake."

"Nisamehe."

"Ukiniomba msamaha itabidi na mimi nimwombe mtu, na huyo hayupo."

Dereva akapiga honi. Lazaros akapanda ngazi moja, akageuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hata wakati ule.

"Jumamosi ya Wafu nitakuwa mbali," akasema kwa sauti ya chini. "Simameni mlangoni mumwite. Jiwe litamdanganya. Mwambieni Vodena ni hapa."

Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Alilitamka vizuri kuliko mama.

Ijumaa, 6 Februari

Theluji, kisha mvua juu ya theluji. Juu ya dari hakuna anayetembea. Nimejikuta nikisikiliza.

Jumamosi, 28 Februari

Jumamosi ya Wafu. Ngano ndogo, sahani moja, zabibu kavu bila divai. Padri alisoma majina, Sultana akawa kati ya Stamatia na Tasula. Kutoka kanisani nilipitia makaburini. Jiwe ni zuri. Marumaru nyeupe, herufi zimekaa sawa, hakuna kosa hata moja. Nilisimama mbele yake nikaona jinsi mgeni atakavyolisoma, akaamini.

Nyumbani niliweka sahani na glasi ya maji kwenye kizingiti, nikafungua mlango wote. Nikasimama nimwite kama nilivyoagizwa. Mtaani wanawake walikuwa wakipita na vitambaa vyao vyeusi. Nikafungua mdomo, na sauti haikuja. Niliweza kuliandika jina lile kwa zabibu, kulisema sikuweza. Nikaona aibu, nikaona hofu, nikafahamu kwa nini Lazaros alikuwa akianza na dirisha.

Stergios akatokea kiwandani, pamba imemjaa nyusi. Akaiona sahani, akaniona. Akavua kofia, akasimama pembeni yangu akitazama upande wa makaburi, akasema kwa lugha ya mama yake. Miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia hata neno lake moja. Mimi niliyatambua maneno mawili tu, mama, na Vodena. Hakupaza sauti. Alisema kama unavyomwambia mtu aliyesimama nje kwamba aingie, mlango uko wazi.

Dirisha la jirani wa mbele likafungwa. Stergios alilitazama, akangoja, akasema tena yale yale, kwa sauti zaidi.

Halafu tukakaa mezani sisi wawili. Baridi iliingia hadi jikoni na ngurumo ya maji pamoja nayo. Mlango hatukuufunga.